Yai Lililogeuza Kibao

Mabibi na mabwana, nianze na yai mnalolijua, lile la kuchemsha la kituoni, na kachumbari yake na pilipili. Likiwahi kuepuliwa, ute umeshika, kiini bado kinachuruzika. Wajapani wanalo lililogeuza kibao: kiini kimeshika kama samli iliyolala, ute ndio unaoteleza. Wanaliita onsen tamago. Onsen ni chemchemi ya maji moto, tamago ni yai. Nchi yao ni ya volkano, chemchemi hazihesabiki, na zile ambazo maji yake hayafiki kuchemka ndizo zilizofaa kwa yai hili.

Siri iko kwenye joto. Kiini huanza kushika kwenye nyuzi joto 65 hivi. Ute una protini za namna nyingi, na iliyo nyingi kuliko zote haigandi sawasawa mpaka joto lipite 80. Basi yai likikaa kwenye 68 hadi 70 kwa nusu saa, kiini kinaiva na ute unabaki unatikisika.

Sasa, nani ana chemchemi jikoni? (Kicheko.) Tunayo sufuria. Nyumbani kwao huchemsha lita moja ya maji, wakaepua, wakaongeza mililita 200 za maji baridi, wakatumbukiza mayai manne yaliyotoka kwenye friji, wakafunika.

Mimi nilifuata hivyo hivyo, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Nikapata mayai ya kuchemsha kabisa! Maji yangu ya bomba yalikuwa ya uvuguvugu, mayai yamelala mezani tangu asubuhi, joto lingeshuka kwa lipi? Siku hizi naongeza mililita 300, nafunika, nasubiri dakika 17. Sufuria iwe nzito. Hizi nyembamba za alumini hupoa upesi, ifunge taulo. Aliye Nairobi apunguze maji baridi, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mwenye kipimajoto ametua mzigo: ashike 70, amalize.

Mama pale nyuma anatikisa kichwa, na namwelewa. Njia hii ya kukisia haikuhakikishii kwamba vijidudu vya salmonela vimekufa. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wapikiwe yai gumu. Yai lenye ufa usilitumie.

Kula nako kuna namna. Usilimenye, litakumwagikia mkononi. Lipasue juu ya kibakuli, kama unalitaka la kukaanga, lidondoke zima zima. Wao hulimwagia dashi, supu nyepesi ya mwani na samaki mkavu, pamoja na sosi ya soya. Mimi naliweka juu ya wali wa moto, sosi ya soya matone matatu, basi.

Sufuria ile nilifunika mlipokuwa mnatafuta viti. Imetimiza dakika zake, leteni vibakuli.