Tuambieni Bei Kabla ya Kura

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na nyinyi vijana mliokuja na joto hili, asanteni. Wengine hapa mmeshanisikia nikilisema jambo hili zaidi ya mara moja. Nitalisema tena, kwa sababu kila baada ya miaka mitano ilani zinatoka, nazisoma, na ugonjwa ni uleule: zinataja kitakachojengwa, hazitaji kitakacholipwa. Lami kutoka hapa mpaka kule. Vituo vya afya. Maji, umeme, mikopo ya kina mama na vijana. Ukurasa baada ya ukurasa, halafu ukifika kwenye fedha unakuta sentensi moja: tutaimarisha ukusanyaji wa mapato. Kutoka kwa nani? Kiasi gani? Kuanzia lini? Hapo kimya.

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Unachompa mwenye nyumba ni kodi, na unachoipa serikali ni kodi. Mimi hii ya pili nimeielewa kupitia ile ya kwanza.

Nilipokuja Dar kuanza kazi nilipanga Temeke kwa bwana mmoja mwenye maneno matamu. Dalali alinipeleka. Chumba kizuri, dirisha linatazama mwembe, na bei ni ya chini kuliko zote mtaani. Nikalipa miezi sita, dalali akachukua mwezi wake, nikaingia na kitanda, godoro, jiko la mkaa na sanduku. Mwezi haujaisha, mlango unagongwa: kuna pesa ya taa. Nikatoa. Wiki mbili baadaye, pesa ya maji, na kisima kiko uani, tunateka wenyewe kwa kamba. Kisha pesa ya kunyonya choo. Kisha pesa ya mlinzi, na mlinzi mwenyewe sikuwahi kumwona. Usiku mmoja nikapiga hesabu nyuma ya bahasha, nikakuta chumba kile cha bei rahisi ndicho ghali kuliko vyote mtaani. Ningehama vipi? Kodi yangu ya miezi sita alikuwa nayo yeye.

Nilipotoka pale nikaenda Tandika kwa mzee mmoja, Mungu amrehemu. Huyu alinikaribisha kwenye mkeka barazani na hakuanza na chumba. Alianza na paa. Akanionyesha kwa fimbo bati zilizoliwa na kutu, akasema, "Mwanangu, mwakani naezeka upya, na kodi nitaipandisha kwa robo. Chumba chako hakitavuja. Kama robo hiyo huiwezi, niambie leo, kabla hujaleta kitanda." Nikamwuliza, lazima iwe robo nzima? Tukavutana mpaka adhana ya alasiri. Akashuka kidogo, nami nikapanda kidogo. Mwaka uliofuata mafundi walikuja, bati zikapanda, kodi ikapanda, nikalipa bila kununa. Nilikaa kwake miaka tisa.

Hebu angalieni kilichotokea pale mkekani. Sikufurahia kupandishiwa kodi, hakuna anayefurahia. Lakini niliulizwa wakati bado naweza kukataa na kuondoka na kitanda changu. Kampeni ndiyo ule mkeka. Ni siku chache sana katika miaka mitano, na ndizo pekee ambazo mtu wa kawaida anaweza kusema punguza, akasikilizwa.

Najua kuna mtu hapa atasema mfano umegeuka, kwamba mwenye nyumba ni mwananchi na serikali ndiyo mpangaji. Sawa, ugeuze. Sasa imekuwa mbaya zaidi: mpangaji anaingia, anabadilisha kufuli, halafu anampangia mwenye nyumba makato.

Sasa tuje kwenye yaliyotupata. Tarehe 28 Oktoba 2020 tulipiga kura. Juni 2021 bajeti ikasomwa Dodoma. Tukapata vitu vitatu kwa mpigo. Shilingi 100 ziliongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara. Tarehe 15 Julai ikaanza tozo ya miamala ya simu, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, kutegemea unatuma au unatoa kiasi gani. Na Agosti kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kwa hiyo mpangaji wa Manzese akawa analipia jengo ambalo si lake. Tafuteni hotuba za kampeni za mwaka ule, za chama chochote mnachokipenda, mnionyeshe jukwaa ambalo mgombea alisema: mkinichagua, nitakata kwenye hela unayomtumia mama yako.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa kwa wakala, Mbagala Rangi Tatu. Mbele yangu mama lishe mmoja, aproni bado ina unga, anaweka hela kwenye simu ili amtumie mwanawe aliye bweni. Alishapiga hesabu yake: hela ya mtoto, na ya kutolea. Sisi hatutumi hela bila ya kutolea, ndivyo tulivyolelewa. Wakala akamwambia haitatosha, sasa kuna tozo ya serikali, kutuma ina yake na kutoa ina yake. Akauliza, "Imeanza lini?" "Juzi, mama." "Nani kasema?" Yule kijana akakosa jibu, akaonyesha karatasi aliyoibandika dirishani kwa selotepu. Mama akaisoma yote, polepole, kidole kikifuata mstari. Akafungua tena fundo la kanga, akaongeza noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne. Hakutukana mtu. Akachukua ndoo yake akaondoka.

Nani kasema? Hakuna aliyesema. Alipokuwa na kura mkononi hakuambiwa. Aliambiwa alipokuwa na mtoto anayesubiri.

Mtanijibu kwamba Rais alibadilika katikati. Ni kweli, Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021 na Rais Samia akaikuta hali alivyoikuta. Lakini chama kilikuwa kilekile, ilani ileile, wabunge walewale. Mtanijibu tena kwamba kelele zilisikika. Kweli pia: Julai hiyohiyo Rais aliagiza tozo itazamwe upya, viwango vikashushwa kwa asilimia 30, na bajeti zilizofuata zikaendelea kuipunguza. Na serikali ikatuonyesha vituo vya afya na madarasa yaliyojengwa kwa fedha zile.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi, jamani! Kumbe hoja ilikuwepo! Kumbe mgombea angeweza kusimama pale Mbagala Oktoba akasema: tarafa fulani haina kituo cha afya, nitakijenga, na hela ya kukijenga nitaikata hapa. Wengine tungekubali palepale. Wengine tungesema kata kwenye bia, usikate kwenye simu. Wengine wangeuliza kwanza zile za jana zimekwenda wapi, na wangekuwa na haki. Mabishano yaliyofanyika Julai kwa hasira yangefanyika Oktoba, tukiwa bado hatujachagua. Badala yake tukapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na tozo iliyojenga kituo cha afya ikachukiwa kama iliyoibwa.

Wala si mara moja. Mwaka 2013 ilipitishwa kodi ya laini ya simu, shilingi 1,000 kwa mwezi kila laini, ikafutwa baada ya kelele. Mwaka 2015 tuliahidiwa elimu bila ada, na Januari 2016 ikaanza, ahadi ikatimia, nashukuru. Kodi ya mshahara kwa wa ngazi ya chini ikashuka kutoka asilimia 11 hadi 9. Vizuri. Lakini mwaka huohuo wa 2016 sheria ikabadilishwa, makato ya mkopo wa elimu ya juu yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Kijana aliyeshangilia uwanjani alikuja kuyaona kwenye hati ya mshahara.

Sasa wanasiasa wananijibu, na wamenijibu hivi mara nyingi: mzee, ukisema utapandisha kodi, unashindwa. Watamtaja Walter Mondale wa Marekani, mwaka 1984. Alisimama San Francisco mbele ya mkutano wa chama chake akasema Rais Reagan, mpinzani wake, atapandisha kodi na yeye pia atapandisha. Mwenzake hatawaambia, yeye amewaambia. Akashindwa majimbo 49 kati ya 50, akabaki na Minnesota ya kwao na mji mkuu Washington. Tangu hapo Mondale amekuwa sanamu la kutishia ndege shambani, kila mgombea anaonyeshwa. Wanaacha kusema kwamba Reagan alikuwa madarakani na uchumi unakua kwa kasi, na kwamba Reagan huyohuyo alishapandisha kodi mwaka 1982. Mimi sidhani Mondale angeshinda hata angeufunga mdomo. Na mbona hawamtaji George H. W. Bush? Mwaka 1988 aliwaambia watu wasome midomo yake, hakuna kodi mpya. Mwaka 1990 akakubali zipandishwe. Mwaka 1992 wakamkumbusha midomo ile, akaanguka.

Mfano wangu mimi ni Ujerumani, mwaka 2005. Angela Merkel aliingia kwenye kampeni akisema wazi kwamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itatoka asilimia 16 iende 18. Chama cha SPD cha Kansela Schröder kikapinga, kikazunguka nchi kikiiita kodi ya Merkel. Kura zikakaribiana sana. Ukweli ule ulimgharimu, sifichi. Lakini ndiye aliyekuwa Kansela, na vyama hivyo viwili vikalazimika kuunda serikali pamoja. Mmoja alisema ongeza mbili, mwingine alisema ongeza sifuri. Wakakaa mezani, wakatoka na tatu! Januari 2007 VAT ikawa asilimia 19. Mtoto wa darasa la pili akileta hesabu hiyo nyumbani unamwita mwalimu wake. Na kiongozi mmoja wa SPD, Franz Müntefering, akalalamika kwamba si haki kuwapima kwa waliyoyasema kwenye kampeni. Sasa tuwapime kwa nini? Kwa urefu? Huyu aliyetaja kodi alikaa madarakani miaka 16. Sisemi kodi ndiyo iliyomweka. Nasema kuitaja hakukumzika.

Australia nako, mwaka 1998, Waziri Mkuu John Howard alikwenda kwa wapiga kura na kodi mpya ya asilimia 10 ya bidhaa na huduma, yeye aliyewahi kusema haitakuja kamwe. Kura za jumla alizidiwa, viti akapata, kodi ikaanza Julai 2000 na ipo mpaka leo. Uingereza, 2024... hapana, hiyo niiache, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Kenya siwezi kuiruka. Agosti 2022 kampeni ya William Ruto ilikuwa ya mahasla, yaani wachuuzi na wahangaikaji, naye akijiita mmoja wao. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16, yakaja na makato ya nyumba ya asilimia 1.5. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wakaingia Bungeni Nairobi, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hausaini muswada wa fedha. Walimwita Zakayo. Mimi nasema Zakayo wa Biblia ameonewa: Yeriko nzima ilijua kazi yake ni kutoza ushuru. Hakuwaambia watu kuwa yeye ni mchuuzi mwenzao.

Haraka haraka sasa. Wanaosema hali hubadilika, kuna janga, kuna vita, mafuta yanapanda: sawa kabisa. Mgombea aseme hivi, hali ikiharibika nitaanza kukata hapa, na pale sitagusa. Mzee wa Tandika hakujua bei ya bati ya mwakani, lakini alijua paa linavuja.

Wanaosema mpinzani hana vitabu vya Hazina, atajuaje: hoja nzito. Ndiyo maana Australia, kwa sheria ya mwaka 1998, Hazina inalazimika kutoa hali ya fedha za nchi hadharani kabla ya siku ya kura, ili mtawala na mpinzani wasimame juu ya hesabu moja. Uholanzi wana ofisi ya wataalamu ambayo tangu 1986 inapiga hesabu za ilani za vyama, ahadi hii ni kiasi gani, italipwa na nani. Sisi Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria iliyotungwa na Bunge. Nzuri, ilindwe. Ila wanaoinua mikono Juni ndio waliokaa kimya Oktoba. Ninachoomba ni vitu viwili: Hazina itoe vitabu kabla kampeni haijaanza, na kila ilani iwe na ukurasa wa fedha, kodi gani, kiasi gani, lini. Ukurasa mmoja tu!

Na sisi uwanjani tuuache mtindo wa kumzomea anayetaja kodi. Nilimwona mgombea udiwani mmoja akianza kueleza gharama ya mtaro wa maji ya mvua, vijana wakapiga kelele waletewe muziki. Akaacha, muziki ukaletwa. Masika iliyofuata tulivua viatu kupita mtaa ule.

Nilitaka kugusa ushuru wa halmashauri na wamachinga wa Kariakoo, lakini muda umekwisha. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Yule dada mwenye mtandio wa kijani amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Mondale, naona hajakubaliana nami. Aanze yeye.