Anaposema "Nimeshiba"

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha mgonjwa wa figo nyumbani.

Nianze na hotpoti. Kila wiki naona mke, mama au binti akifika kwenye kitengo cha kusafisha damu na chakula alichoamkia alfajiri: wali, samaki, mchicha uliochemshwa na maji yake kumwagwa ili potasiamu, madini ambayo figo mbovu hazimudu kuyatoa, ipungue, kama alivyoelekezwa. Mgonjwa anakula vijiko viwili, anafunika. "Nimeshiba." Aliyepika anaumia, na wakiwa njiani kurudi maneno yanaanza: huna shukrani, umekata tamaa. Jamani, mgonjwa yule hasemi uongo. Ubongo wake kweli umeletewa taarifa ya shibe. Taarifa yenyewe ndiyo ya uongo.

Inatoka wapi? Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua homoni iitwayo leptini. Hutengenezwa na seli za mafuta, na kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, punguza kula. Ikishamaliza kazi, figo ndizo zinazoiondoa kwa sehemu kubwa. Figo zikishindwa, inarundikana. Unamkuta mtu amekonda, lakini leptini iliyomo kwenye damu yake ni nyingi mno ukilinganisha na mafuta aliyobaki nayo.

Mtaniuliza, mashine ya kusafisha damu je, haiitoi? Urea, uchafu ambao figo huutoa, ni molekuli ndogo sana, uzito wake wa molekuli ni 60. Leptini inafika kama 16,000. Chujio lenye matundu madogo hupitisha urea na kuiacha leptini palepale. Lenye matundu makubwa huondoa kiasi. Tena mashine hufanya kazi kwa muda wa saa 4 tu, mara 3 kwa wiki. Figo hazikuwa na siku ya mapumziko.

Kuna homoni nyingine, grelini, inayotoka kwenye mfuko wa chakula na kuleta njaa. Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliitangaza Japani mwaka 1999. Hapa pana jambo lililonisumbua sana nilipoanza kusoma habari hizi: ukimpima mgonjwa wa figo, grelini nayo iko juu. Mbona basi hana njaa? Ni kwa sababu grelini iko ya namna mbili. Inayoamsha njaa imebandikwa kipande cha asidi ya mafuta. Isiyobandikwa haiamshi njaa, na hiyo ndiyo hasa inayojaa figo zikishindwa. Mwaka 2005, London, wagonjwa 9 wenye utapiamlo, waliokuwa wakisafishwa damu kwa njia ya tumbo, walidungwa grelini inayoamsha njaa, wakala zaidi. Si dawa ya kwenda kuulizia famasi leo. Lakini nilifurahi kusoma, maana njaa yao haikuwa imekufa. Ilikuwa imezibwa mdomo.

Homoni si kila kitu. Kuna asidi kwenye damu, mdomo wenye ladha ya chuma, choo kigumu, huzuni, rundo la vidonge. Na kuna zamu zilizorukwa kwa kukosa nauli. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu sumu inayobaki inazidi kuua hamu ya kula.

Familia nyingi bado zinafuata masharti ya zamani. Kabla ya kuanza mashine mgonjwa aliambiwa apunguze nyama, na ilikuwa sawa. Sasa kila zamu inamnyang'anya protini kidogo, hivyo anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama 6 tu. Basi msimjazie sahani. Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita, na kitoweo kitangulie, wali ufuate. Kama asubuhi ndiyo saa anayojisikia kula, samaki aliwe asubuhi.

Mama pale mbele ameniuliza kuhusu mizani: mumewe ana kilo zilezile tangu miezi mitatu iliyopita, ina maana anakula vizuri? Mama, mtazame mikono na mashavu. Nyama inaweza kuisha na maji yakachukua nafasi yake, mizani isitikisike. Shati likianza kumpwaya mabegani huku miguu imevimba, mwambie muuguzi zamu ijayo, kabla hajaunganishwa kwenye mashine, aombe daktari aupime upya uzito wake mkavu, yaani uzito wake bila maji yaliyozidi mwilini.