Besi Ndiyo Inaimba

ZAWADI: Karibuni tena kwenye podikasti yetu. Leo tuko kwa mwenzangu Otieno, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, alikorekodi albamu yake ya rege na posti-panki chumbani. Nimekaa sakafuni kwa sababu godoro liko mlangoni.

OTIENO: Godoro ndiyo studio yenyewe, dadangu. Ukilitoa, utamsikia makanga wa stejini kuliko gitaa.

ZAWADI: Albamu nzima haina mwimbaji. Ulikosa pesa?

OTIENO: Nilikosa sauti! Kwaya ilinionyesha mlango mapema sana. Lakini pia nilitaka besi ndiyo iimbe. Rege na posti-panki, ile roki iliyotokana na panki ya kasi na kelele, zinakutana hapo: besi mbele, gitaa linakwaruza kwa mbali.

ZAWADI: Kuna watakaosema hiyo ni ndoa ya kulazimishwa.

OTIENO: Wamechelewa. London, 1977, Don Letts alikuwa DJ wa Roxy, klabu ya panki. Rekodi za panki zilikuwa bado chache, basi akawachezea wapenzi wa panki rege. Mwaka 1979, Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na mtu wa rege kabisa, akatayarisha albamu ya kwanza ya The Slits, bendi ya panki.

ZAWADI: Sawa, lakini rege inatembea, panki inakimbia.

OTIENO: Hapo nilihangaika wiki mbili! Kumbe hesabu ni ndogo. Ngoma na besi ziko midundo 75 kwa dakika. Gitaa nikalipiga kama ni 150. Moja linatembea, lingine linakimbia, na yanafika pamoja. Shida ilikuwa wan-dropu, mdundo wa rege. Pigo la kwanza unaliacha tupu, ngoma kubwa inaanguka la tatu. Mkono wa panki ukiona pengo unataka kulijaza. Nikalijaza, wimbo ukafa. Nikafuta.

ZAWADI: Na ule mwangwi?

OTIENO: Gawanya 60,000 kwa 75, unapata milisekunde 800, pigo moja. Nikachukua robo tatu, 600, ndiyo mwangwi usiikanyage besi. King Tubby kule Kingston alikuwa fundi wa redio, na dabu, yaani rege iliyochanganywa upya kwa mwangwi, aliifanya kwa mikono, anazima chombo hiki, anarudisha kile. Mimi nina kipanya cha kompyuta, tena kinakwama.

ZAWADI: Wimbo wa nne kuna kitu kinafanya “tss, tss”. Ni matoazi?

OTIENO: Ni githeri.

ZAWADI: Eti?

OTIENO: Narekodi melodika, kile kinanda cha kupuliza, dirisha wazi, joto. Kusikiliza tena, nasikia presha kuka ya jirani inapumua palepale gitaa linapokwaruza. Mara tatu sawasawa, kisha ikapotea njia. Nikakata hizo tatu, nikazizungusha wimbo mzima.

ZAWADI: Mwenyewe anajua?

OTIENO: Nilimsikizisha. Akaniuliza mbona sikungoja siku ya maharagwe, hayo hukaa jikoni zaidi.

ZAWADI: Tuweke huo, halafu wa saba.

OTIENO: Wa saba ruka, tafadhali. Stima ilipotea kabla sijasevu, besi nzuri ikaenda nayo. Hiyo utakayosikia ni ya pili, na inajua ni ya pili.