Saa Kumi Barazani

Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango. Wengi wenu mshanisikia nikilisema jambo hili harusini, matangani, hata kwenye foleni ya feri pale Likoni. Leo nimepewa kipaza sauti na nusu saa, basi nitalisema tena: mkitengeneza nyumba, msibomoe baraza.

Baraza ni nini mnajua, kile kiti cha jiwe kilichojengwa mbele ya nyumba, sote tumelelewa juu yake. Ila tazameni kamba hii. Ina mafundo matatu. Kutoka fundo hili mpaka hili ni kimo cha baraza ya nyumba ya babu yangu hapa Mji wa Kale wa Mombasa, dhiraa kasoro vidole viwili. Kutoka hapa mpaka mwisho ni upana wa kukalia. Nilipima siku ile mafundi walipofika kwa jirani na nyundo zao, nikahofu zamu yetu inakuja. Kimo hiki hakikuja kwa bahati. Mtu mfupi akikaa nyayo zake zinafika chini, mrefu magoti hayamfiki kifuani, na mzee mwenye miguu mibovu anainuka bila kushikwa mkono. Ni matumbawe na chokaa tu, lakini ukingo umelainika kwa makalio ya watu wa miaka mia, ukipitisha kiganja waona kama umeshika sabuni. Na jua likigeuka, watu huvuka njia. Asubuhi upande huu, jioni upande ule. Hakuna aliyetangaza, kila mtu anafuata kivuli.

Wakati wake mkubwa ni saa kumi, watu wametoka kusali alasiri. Utasikia vikombe kabla hujamwona mwenye kahawa: ka-ka-ka, ka-ka-ka, anavigonganisha mkononi, dele, birika lake la kahawa, mkono wa pili na makaa chini yake. Kahawa tungu, tangawizi imekolea, kipande cha kashata pembeni. Kwetu aliyeuza hakuhesabu vikombe. Mkiinuka, kila mtu alisema mwenyewe, "Mimi vitatu," "Mimi viwili," akalipa. Nilikaa pale utoto wangu wote sijamsikia mtu akidanganya kikombe. Angeanzia wapi, na wenzake wako ubavuni?

Sasa nitawahadithia habari ya Nahodha. Mwenyekiti ananitazama, ameshaisikia. Asikie tena.

Alikuwa mzee aliyeacha safari, tukimwita Nahodha tu. Alikaa pembe ya baraza, iliyoelekea njia ya kushukia Bandari ya Kale. Mtoto yeyote aliyepita na kumwamkia alijibiwa, kisha akaulizwa: "Mwezi ngapi leo?" yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Ukishasema mwezi ngapi, linakuja la pili: "Maji yajaa saa ngapi?" Hukuachwa ukapita mpaka ujibu.

Hesabu yenyewe alitufundisha kwa vidole. Mwezi ukiandama, maji ya huku kwetu hujaa kiasi cha saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini hivi. Mwezi mbili, saa kumi na dakika hamsini. Mwezi tatu, saa kumi na moja na dakika arobaini. Unakwenda hivyo mpaka mwezi mpevu, na ukifika huko utaona umerudi pale pale, saa kumi. Ndiyo maana siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wazee wakiwa barazani na kahawa mkononi, bahari nayo ilikuwa imejaa mpaka pomoni, upepo unapanda kichochoroni umelowa chumvi. Mwezi saba, mwezi nane, ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, saa kumi ile ile bahari imenywea, haina haraka ya kwenda wala kurudi.

Ukishajibu, haijaisha. "Haya, kimbia ukatazame maji yako ngazi ya ngapi." Ukimbie mpaka chini, uhesabu ngazi zilizo kavu, urudi unahema. "Tano, babu." Hapo Nahodha huinua kikombe akanywa. Hakusema umekosea au umepata. Ngazi zilikuwa zimeshasema.

Nikaenda bara kusoma. Niliporudi nilikuwa na karatasi, jedwali la maji lililopigwa chapa, saa na dakika, kimo kwa mita. Tulikuwa tunataka kupeleka dau ndani ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kwenye mikoko, tupakie na kutoka kabla maji hayajatuacha topeni. Nikafungua jedwali barazani, nikasoma saa ya kuondoka. Nahodha akaniuliza, "Karatasi hii ni ya maji ya wapi?" Nikamwambia ya Kilindini. "Na nyinyi mwaenda wapi?" Nikasema ndani ya hori. Akanyamaza. Akachukua kikombe kilichobaki machicha, akakilaza kidogo juu ya jiwe, tukatazama kahawa inavyosogea polepole kati ya yale machicha kuelekea ukingoni. Basi. Maji yaliyojaa mlangoni mwa hori yana safari ya kupita kwenye mizizi yote ile ndipo yafike huko ndani, hufika yamechelewa. Tukangoja. Tulipoingia tuliyakuta bado yanapanda.

Jedwali halikuwa na kosa, nataka mnielewe. Lilikuwa sahihi kwa mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kukuuliza: mahali pako ni wapi? Na mtu huyo humkuti kwenye karatasi wala kwenye simu. Najua mtaniambia simu sasa inaonyesha maji ya kila pwani. Inaonyesha, naam. Inakupa saa. Kesho haikusimamishi njiani ikakuuliza mwezi ngapi.

Wako wanaosema baraza ni ya wavivu. Hili linaniudhi. Mvuvi ametoka na dau usiku wa manane, samaki wake wameshauzwa saa tatu asubuhi. Saa kumi akikaa, amlipe nani deni la kukaa? Wengine husema ni pahala pa umbea. Umbea hauhitaji jiwe, jamani! Siku hizi watu wanasengenyana wamelala vitandani, na anayesengenywa hajui aende kwa nani. Barazani ukimsema mtu, baada ya kitambo atapita njia ile ile na itabidi uitikie salamu yake.

Na wale wa pikipiki wanaosema njia ni nyembamba, waje hapa masika. Mvua kubwa ikishuka vichochoro vinageuka mito, na watu hupita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, viatu mkononi. Unguja ni vivyo hivyo, waulizeni. Aliyejenga alijua mvua kuliko anayebomoa.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, Ngome yetu hii ya Fort Jesus mwaka 2011. Tunafurahi, tunapiga picha. Lakini nimeona mlango wa nakshi umepakwa mafuta ukang'aa, na baraza iliyokuwa ubavuni mwake imekatwa ili pawekwe jenereta. Mlango umebakizwa kwa mgeni. Jiwe la mwenyeji limekwenda na mkokoteni wa kifusi. Na bado neno twalitumia kila siku: Baraza la Mawaziri, na Tanzania wana Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967. Kiti chenyewe ndicho tunachokivunja.

Mama mmoja aliniuliza mwaka jana, na sisi wanawake je? Alikuwa na haki kuuliza. Marehemu mama yangu hakupata kukaa kwenye jiwe lile. Saa kumi yake ilikuwa juu, dirishani, na majirani zake, sinia ya asumini katikati. Asumini huchumwa bado ni matumba, hutungwa hapo hapo, ili zifunguke usiku zikiwa zimeshavaliwa. Walikuwa wakitunga na kusikiliza kila neno la chini. Siku moja Nahodha aliniuliza mwezi ngapi, nikababaika, na sauti ikashuka kutoka dirishani, "Mwezi sita! Mwambie mwezi sita!" Nahodha akaitikia bila kuinua kichwa, "Ahsante, mwanangu." Kwa hiyo ukijenga, dirisha lile nalo liache. Usizibe kwa mashine ya baridi inayodondosha maji kwenye vichwa vya watu.

Nilitaka kusema habari ya leso na maneno yake, na pepo, kaskazi na kusi, na wanaokwenda Laitihausi jioni kula kachiri na kutazama meli zikiingia. Mwenyekiti ameonyesha saa mara mbili, basi hayo tuyaache.

Kamba nitaiacha hapa mezani. Anayejenga mwaka huu aje aikate ya kwake kwa kipimo hiki, kamba nyingine nimeleta. Na nyinyi watoto hapo mbele, msidhani nimewasahau. Leo mwezi tatu. Maji yajaa saa ngapi?

Semeni kwa sauti.

Haya. Kimbieni mkatazame ngazi.