INSERT, UPDATE au REPLACE? Kilo za mkulima zisije zikapotea

Habari zenu wadau. Leo niko Tandahimba, mkoani Mtwara, msimu wa korosho umeshafunguliwa na makarani wanapima. Kwenye skrini nina jedwali la wakulima wa chama cha msingi: namba, jina, kijiji, kilo. Namba ndiyo ufunguo mkuu, haijirudii. Natumia MySQL, programu ya hifadhidata, na INSERT, UPDATE na REPLACE ni amri zake za kuandika kwenye jedwali.

Tuanze na mkulima mgeni. Andika hivi:

INSERT INTO wakulima VALUES (214, 'Somoe', 'Mahuta', 240);

Bonyeza enta, ameingia. Sasa rudia amri ileile. Imegoma, namba 214 ipo. Usikasirike, kugoma huko tutakuja kukuhitaji.

Somoe kaleta mzigo mwingine, kilo 180:

UPDATE wakulima SET kilo = kilo + 180 WHERE namba = 214;

Sasa ana 420. Ukisahau WHERE, sehemu inayotaja ni mkulima yupi, umewaongezea wakulima wote, na siku ya malipo utajua mwenyewe pa kujificha. Mimi hutanguliza SELECT, amri ya kusoma tu, yenye WHERE hiyohiyo, nihakikishe unatoka mstari mmoja tu.

Haya, REPLACE. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Kwanza andika START TRANSACTION, ili tukiharibu tuweze kurudi nyuma. Halafu tujaribu kurekebisha jina tu:

REPLACE INTO wakulima (namba, jina) VALUES (214, 'Somoe Hamisi');

Soma jibu: mistari 2 imeguswa. Mbona miwili, na mkulima ni mmoja? Kwa sababu wa zamani umefutwa, ukaandikwa mpya. Piga SELECT uone: kijiji NULL, yaani hakina kitu, kilo 0, maana ndiyo thamani ya kuanzia niliyoiweka. Zile 420 hazipo. Na kama jedwali la stakabadhi limefungwa kwa ON DELETE CASCADE, yaani mkulima akifutwa na stakabadhi zake zifutwe, nazo zinafutika. Yamenikuta mimi, kwenye chama kimoja nisichokitaja. Tulikesha ghalani tukinakili upya kutoka vitabu vya karatasi, na mbu wale!

Andika ROLLBACK, mstari urudi ulivyokuwa.

Sasa karani anakuletea faili lenye wageni na wenyeji mchanganyiko. Tumia hii:

INSERT INTO wakulima VALUES (214, 'Somoe', 'Mahuta', 95) ON DUPLICATE KEY UPDATE kilo = kilo + 95;

Mgeni anaandikwa, mwenyeji anaongezewa. Utaona tena 2 kwenye jibu. Hiyo ni namna ya MySQL kuhesabu, hakuna kilichofutwa. Wa PostgreSQL, hifadhidata nyingine, kwenu amri ya REPLACE INTO haipo kabisa, mna ON CONFLICT tangu toleo la 9.5.

Ila angalia: faili hilo ukilipakia mara mbili, Somoe anahesabiwa 95 mara mbili. Kwa hiyo kila upimaji mimi nauandika kwanza kwenye jedwali la stakabadhi, namba ya stakabadhi ikiwa ndiyo ufunguo, kwa INSERT tupu. Faili likirudi mara ya pili, inagoma palepale, na kilo za Somoe siziongezi.