Saa ya umeme ya Telechron inayokoroma au iliyoganda: rota haijafa, imekauka mafuta

Usiichomeke bado. Saa iliyo hapa mezani ni Telechron ya Marekani, ya volti 110 hadi 120, hezi 60, yaani umeme unaopiga mawimbi 60 kwa sekunde. Zilitengenezwa Ashland, Massachusetts, na mota hiyohiyo utaikuta ndani ya saa nyingi za General Electric. Haina betri wala springi. Mwendo wake unafuata hezi za umeme. Ndiyo sababu mwaka 1916 Henry Warren, aliyeibuni, alifunga saa yake kuu kwenye kituo cha kuzalisha umeme Boston, ili hezi 60 zishikwe sawasawa.

Wewe uliyeletewa saa hii Dar es Salaam au Mombasa, sikiliza hapa. Transfoma itashusha volti kutoka 230 hadi 110, lakini hezi zitabaki 50. Kila saa moja itachelewa dakika 10, saa nne nzima kwa siku, na koili, yaani waya uliosukwa unaoendesha mota, itachemka kuliko kawaida. Unahitaji inveta ya wimbi safi inayotoa volti 120 na hezi 60.

Anza na waya. Ukunje kwenye kidole kimoja hivi. Mpira ukipasuka na kumwagika unga, waya huo haufai tena. Weka mpya wa nyuzi mbili, milimita za mraba 0.75, na upige fundo ndani ya kasha ili ukivutwa, uzito usiende kwenye lehemu.

Sasa weka mita kwenye miguu miwili ya plagi. Koili nzima husoma mamia kadhaa ya omu. Mita isiposoma chochote, pima moja kwa moja kwenye ncha za koili. Bado kimya? Usikimbilie kununua koili nyingine. Mara nyingi waya mwembamba hukatika pale unapoungana na waya mnene, chini ya karatasi ya juu. Fungua karatasi hiyo taratibu, tafuta ncha iliyokatika, kwangua enameli kwa wembe, unga kwa lehemu kidogo, kisha funika kwa utepe wa pamba. Kama umekatika katikati ya koili, hapo ndipo inasukwa upya au inabadilishwa.

Kabla ya kugusa uso wa saa, angalia akrabu na namba. Zikiwa na rangi ile ya zamani ya kung'aa gizani, huenda ni radiamu, yenye mionzi ya hatari. Usiikwangue, usiisugue, usipulize vumbi lake. Na uso wa aina yoyote usiufute kwa maji, maana namba hutoka na kitambaa. Brashi laini inatosha.

Toa akrabu kwa mpangilio: ya sekunde, ya dakika, halafu ya saa. Tandika karatasi juu ya uso, ingiza vijiko viwili vidogo pande zote mbili, nyanyua kwa pamoja. Ukinyanyua upande mmoja, utapinda mhimili.

Hii ndiyo rota, sehemu ya mota inayozungusha gia za akrabu. Ni kikopo cha shaba kilichofungwa. Upande mwembamba unaingia katikati ya chuma cha koili, upande mpana una gia zinazolala ndani ya mafuta. Ndani humo kinazunguka kitu mara 3,600 kwa dakika, na kwenye gia ndogo ya nje unapata mizunguko 3.6 tu. Miaka inavyokwenda, mafuta yanavuja au yanageuka ulimbo. Yakipungua, rota inakoroma. Yakiganda, saa inavuma lakini akrabu hazisogei. Watu wengi huitupa hapa, na hawakupaswa kuitupa.

Chukua chupa ndogo ya kioo, simamisha rota ndani yake gia ndogo ikiangalia juu, mimina mafuta ya injini ya sintetiki, 5W-30, mpaka yapite gia hiyo kwa sentimita moja. Weka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyotokota. Tazama kwa karibu hapa, kwenye shina la gia: viputo vidogo vinatoka kimoja kimoja. Hiyo ni hewa ya ndani inayotanuka. Viputo vikikoma, zima moto na uache kila kitu kipoe humohumo, saa mbili au zaidi. Ikipoa, hewa iliyobaki inajikunyata na kuvuta mafuta ndani. Ukiitoa ikiwa moto itavuta hewa, na kazi yote imeharibika. Rudia mara mbili tatu.

Mafuta ya kupikia yatakuwa ulimbo tena. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati ni mepesi mno. Kelele itatulia wiki moja, kisha irudi.

Viputo visipotoka kabisa, shina limezibwa na ulimbo. Hapo toboa bati la upande mpana kwa kikeke cha milimita 1 kinachozungushwa kwa vidole, na ukome mara tu bati linapopenya. Ingiza nusu mililita ya mafuta kwa bomba la sindano, safisha kwa spiriti, ziba kwa gundi ya epoksi. Usijaze, mafuta yanahitaji nafasi ya kutanuka.

Gia za nje zisafishe kwa spiriti na kijiti cha meno. Tone la ncha ya sindano liende kwenye tundu la kila mhimili, si kwenye meno ya gia, kwa sababu huko litakusanya vumbi.

Rudisha rota, kaza skrubu, washa bila akrabu kwa saa 24. Koili kuwa vuguvugu ni sawa. Isiyoshikika si sawa, zima. Ikivuma, angalia kwanza skrubu za chuma cha koili.

Kibati chekundu nyuma ya tundu la uso usikitoe. Saa hii hujiwasha yenyewe umeme ukirudi, hivyo doa jekundu ndilo linalokuambia kwamba umeme ulikatika na majira yaliyo usoni si ya kuaminika. Rudisha akrabu, zungusha kitufe cha nyuma uweke majira, doa litapotea.