Laini Mpya, Mikono ya Zamani

Ndugu mafundi, wakufunzi na wanafunzi, karibuni. Leo nitakaa na kiwanda kimoja cha magari kilichokuwa Fremont, California, kwa sababu kinatufundisha mengi kuhusu kuanza uzalishaji mpya.

Kampuni ya magari ya Marekani, General Motors, walikifunga mwaka 1982. Sifa zake zilikuwa mbaya: siku nyingine mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuonekana kazini. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Na hili mlishike: wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilekile, UAW.

Viongozi wa timu na vikundi wapatao 450 walipelekwa Japani kwa awamu, kwenye kiwanda cha Toyota cha Takaoka. Kiini cha safari hakikuwa darasani. Mtu aliingia kwenye laini ya kuunganisha magari, akafanya kazi bega kwa bega na Mjapani mwenye kazi kama yake, ingawa wengi hawakuelewana lugha.

Kilichowagusa sana ni namna ya kuomba msaada. Ukichelewa au ukiona kasoro, unavuta kamba iliyo kando ya laini. Kiongozi wa timu anakuja hapo hapo, mnasaidiana, na tatizo lisipokwisha kwa wakati laini inasimama. Fremont ya zamani, kusimamisha laini lilikuwa kosa kubwa. Kwangu mimi kamba ile ina thamani kuliko mashine zote mle ndani. Anayeogopa kusema amekwama hawezi kujifunza kazi mpya, wala mwenzake hatajua amfundishe nini.

Namna yao ya kufundishana ilitoka mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilijaa watu wasiowahi kushika spana, wakiwemo wanawake wengi. Serikali ikaanzisha mpango ulioitwa TWI, yaani mafunzo ndani ya viwanda, wa kuwafunza wasimamizi kufundisha. Unamwandaa mwanafunzi. Unamwonyesha kazi huku ukieleza. Unamwachia afanye huku akikueleza wewe. Kisha unamwacha peke yake, lakini unarudi kumtazama. Kwenye kadi ya mkufunzi iliandikwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, mkufunzi hajafundisha. Baada ya vita mpango huo ulifika Japani, Toyota wakaushika, na mwaka 1984 ukarudi California.

Kabla ya kufundisha, mkufunzi anaichambua kazi kwenye karatasi: hatua, jambo la kuzingatia, na sababu yake. Nasisitiza sababu. Fundi mzoefu huanza kuingiza boliti kwa vidole, akihisi imeshika ndipo analeta mashine ya kukazia, na hakumbuki hata kulitaja hilo. Mgeni asipoambiwa atapiga mashine moja kwa moja, meno ya boliti yaharibike, naye aonekane mzembe. Uzembe hapo ni wa nani?

Gari la kwanza lilitoka Desemba 1984, na haukupita muda mrefu ubora ukakaribia ule wa Takaoka. Utoro ukashuka sana.

General Motors walijaribu kupeleka utaratibu wa NUMMI kwenye kiwanda chao cha Van Nuys, California hiyohiyo. Huko wafanyakazi waligawanyika kuhusu kazi ya timu, na utaratibu haukushika mizizi. Kilifungwa mwaka 1992.

Sasa nipokee maswali, na ningependa kuanza na walio kwenye laini.